Kisanduku cha Marina cha kuzalishia: kinawafaa vifaranga wa swodteli kuliko mama yao

Kisanduku hiki cha kampuni ya Hagen ya Kanada, cha samaki wa mapambo wanaozaa watoto hai kama swodteli, huning'inizwa nje, kwenye ukingo wa kioo cha tangi, na hapo ndipo kinapovishinda vile vya plastiki vinavyoelea ndani. Hewa ya pampu hupanda kwenye kibomba, huvuta maji ya tangi hadi kisandukuni, nayo hurudi tangini kupitia mdomo wa kumwagia. Vifaranga wanakaa kwenye maji yaleyale waliyozaliwa nayo, yenye joto lilelile, na uchafu wao unachujwa na filta kubwa ya tangi. Kwa samaki wa siku mbili hilo ni jambo kubwa sana.

Kuna saizi tatu: lita 0.7, lita 1.2 na lita 2. Mfugaji wa swodteli anunue ya lita 2. Hizo ndogo ziachiwe gapi, samaki wadogo zaidi. Pampu ya hewa haimo kwenye boksi, inanunuliwa kando. Ndogo kabisa inatosha. Nunua pamoja nayo vali ya kuzuia maji yasirudi na koki ya kupunguza hewa. Bila ile vali, umeme ukikatika na pampu ikiwa imewekwa chini ya usawa wa maji, maji hushuka kwa mpira na kuiingia.

Sasa kuhusu mama. Jike wa swodteli aliyekomaa hufika sentimita 10 au zaidi, ana nguvu na ni mrukaji hodari. Ukimbana humo wiki nzima akisubiri kuzaa, hula vibaya, hujigonga kwenye plastiki, na mara nyingi huzaa kabla ya wakati. Utawatambua vifaranga hao: wamelala chini, kifuko cha kiini bado kinaning'inia tumboni, na wengi hufa. Mimba huchukua takriban siku 28, hupungua au kuongezeka kidogo kulingana na joto la maji. Andika tarehe aliyozaa mara ya mwisho. Kwa jike mwekundu usitegemee doa jeusi la mimba, kwa sababu mara nyingi halionekani. Angalia tumbo linavyopata kona ya mraba upande wa mbele. Njia bora ni kumhamishia kwenye tangi la lita 30 hadi 40 lililojaa majani, kwa kumchota na bakuli chini ya maji badala ya wavu, kisha kumtoa akishazaa, maana atawala watoto wake mwenyewe. Ikilazimu azalie kwenye kisanduku, mwingize siku ya mwisho au mbili tu, na kifuniko kiwepo.

Kwa vifaranga, kifaa hiki ni kizuri kweli. Kabla ya kuwaingiza, ziba mdomo wa kutokea kwa kipande chembamba cha sponji laini, la sivyo watapita na kuliwa tangini. Punguza hewa mpaka maji yatembee taratibu. Kifaranga akionekana anaogelea muda wote bila kutulia, mkondo ni mkali. Sponji ikiziba, maji hujaa na kumwagika sakafuni, hivyo isuuze kila siku. Jike mkubwa anaweza kuzaa vifaranga zaidi ya 100. Usiwasukume wote humo. Ishirini hivi kwa lita 2 wanatosha, nao wasizidi wiki mbili. Baada ya hapo wanadumaa, hata ukiwalisha vizuri. Wape atemia (vijidudu vya maji ya chumvi) waliototolewa karibuni au chakula cha unga uliosagwa sana, mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Kiini cha yai la kuchemsha tunakikataa kabisa hapa: ndani ya lita 2 kinaoza upesi. Mabaki yanyonye kwa mpira mwembamba wa hewa kila jioni.

Anayezalisha aina za mapambo ndiye atakayefaidi zaidi, kwa kuwa anahitaji kutenga uzao mmoja na kujua baba ni nani. Kumbuka tu kwamba jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo aliyenunuliwa kwenye tangi la mchanganyiko hatakupa uzao wa uhakika mapema. Kwa swodteli wa mkia wa kinubi (mkia wenye ncha ndefu juu na chini), tumia jike mwenye mkia huo na dume wa kawaida: dume wa mkia wa kinubi huwa na kiungo cha uzazi kirefu mno, na kwa kawaida hashindwi kutamani bali kumpa jike mimba. Karibu nusu ya uzao watakuwa na mkia wa kinubi. Wenye pezi refu la mgongoni pia wapandishwe na wa kawaida. Ukiwapandisha wao kwa wao, robo ya uzao, waliorithi sifa hiyo kwa wazazi wote wawili, hawaishi.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, mtiririko husimama. Acha kulisha, kisha chota kikombe cha maji ya tangi na umimine kisandukuni taratibu kila baada ya nusu saa.