Kolibri katika Maktaba ya Shule: Tathmini kutoka Webuye

Shule inayotaka kuingiza teknolojia darasani bila kulipia bando kila mwezi itasikia jina la Kolibri mapema. Hii ni programu ya bure iliyotolewa mwaka wa 2017 na Learning Equality, shirika la Marekani ambalo awali lilikuwa limetengeneza KA Lite ili masomo ya mtandaoni ya Khan Academy yafike pasipo na intaneti. Kompyuta moja hubeba masomo yote, ruta ndogo huyasambaza chumbani, na vifaa vingine, viwe vishikwambi au kompyuta kuukuu, huyafungua kupitia kivinjari cha kawaida. Tunaitumia katika maktaba ya shule yetu ya msingi, nje kidogo ya mji wa Webuye, magharibi mwa Kenya, ambayo tangu Januari 2023 inahudumia pia wanafunzi wa sekondari msingi. Naipendekeza kwa moyo mweupe, kwa sharti moja ambalo siwezi kulilegeza: awepo mwalimu aliyeketi na kupanga masomo kabla ya kipindi kuanza.

Shule nyingi kama yetu hazina maabara, na hapo ndipo majaribio pepe ya PhET, yaliyomo ndani ya Kolibri, yanapodhihirisha thamani yake. PhET ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka wa 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Katika jaribio la saketi, mwanafunzi anavuta betri, waya, balbu na swichi kwa kidole na kuziunganisha apendavyo, huku vitone vinavyowakilisha elektroni vikitembea ndani ya waya. Akiongeza balbu ya pili katika mfululizo, zote mbili zinafifia. Akizipanga sambamba, mwangaza unabaki vilevile. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya pasipo balbu katikati, betri inawaka moto kwenye skrini. Kila kikundi hutaka kuiwasha tena, na mwalimu wa sayansi huwauliza vitone vilifanya nini kabla ya moto kutokea. Mwanafunzi mmoja wa Gredi ya 8 alijibu kwamba vilikwenda mbio kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuvizuia, kisha akataka kujua kama hiyo ndiyo sababu fundi wa umeme aliyekuja kwao alikataa kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Sijawahi kusikia swali la namna hiyo likitokana na mchoro wa ubaoni. Hata hivyo, nashauri betri za tochi na balbu halisi ziwekwe mezani siku hiyohiyo, kwa maana kidole kinachoteleza juu ya kioo hakimfundishi mtoto kuambua ngozi ya waya.

Upande wa mwalimu umefikiriwa kwa makini. Mwalimu hufungua darasa, huwagawa wanafunzi katika vikundi, huchagua video na mazoezi atakayowapa, kisha hutayarisha jaribio fupi kutokana na maswali yaliyomo. Baadaye ripoti humwonyesha nani amemaliza, nani amekwama, na ni swali lipi lililowashinda wengi. Mwenzangu anayefundisha hisabati, ambaye kwa wingi wa wanafunzi wake hawezi kupitia madaftari yote kila siku, aliona kwenye ripoti hiyo kwamba kundi lililodhaniwa halijui akisami kabisa lilikuwa likikosea mahali pamoja tu: walijumlisha kiasi na kiasi, kisha asili na asili. Alirudi ubaoni na jambo hilo moja, akaacha mengine. Kwa wanafunzi wadogo, msimamizi anaweza kuruhusu waingie bila nywila, na kwa hilo dogo dakika nyingi za kipindi huokolewa.

Tatizo kubwa liko kwenye mpangilio wa masomo yenyewe, nami naomba kila mwalimu mkuu alisikie kabla ya kununua kifaa chochote. Hisabati ya Khan Academy imepangwa kwa gredi za Marekani, na kwa kuwa Mtaala wa Umilisi nao umegawanywa kwa gredi, mwalimu mwenye haraka anaweza kufungua Gredi ya 7 ya huko akidhani analingana na mwongozo wa KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya. Mada hazifuatani kama zetu, na maswali huja na dola, inchi na maili. Mwanafunzi anayejua kabisa kugawanya hukwama kwa sababu hajui futi moja ina inchi ngapi, kisha mashine inamhesabia kosa. Dawa ipo: kwenye tovuti ya Kolibri Studio mtu anaweza kuchota vipengele kutoka chaneli mbalimbali, yaani makusanyo ya masomo, akavipanga kwa mada na mada ndogo za mtaala wetu, halafu akaipakua chaneli hiyo na kuibeba kwa flashi hadi shuleni. Lakini kazi hiyo huhitaji intaneti na saa nyingi za mwalimu anayejua somo lake, na si haki kumtwika mtu mmoja. Walimu wa kanda moja wakigawana mada, chaneli moja itahudumia shule zao zote.

Lafudhi ya Kimarekani katika video ni kikwazo kwa wanafunzi wa madarasa ya chini, nasi tumeacha kuwaonyesha. Kwao tunatumia African Storybook, mkusanyiko wa hadithi uliozinduliwa na shirika la Saide la Afrika Kusini mwaka wa 2014, wenye hadithi za Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingi za Kiafrika, Lubukusu ikiwemo. Mtoto aliyekuwa akikatakata maneno ya Kiingereza silabi kwa silabi alisoma ukurasa wa Lubukusu kwa sauti, bila kusita, na wenzake wakasogea kumsikiliza. Leseni ya hadithi hizo inaruhusu kuzichapisha, kwa hivyo tunazitoa kwa printa ya ofisi, tunazibana kwa stepla na kuziweka rafuni, ambako huazimwa na kurudi zikiwa zimechakaa kwa kusomwa. Kwangu mimi, ninayeamini kwamba maktaba ni ya vitabu kwanza, hili ndilo jambo lililoniondolea wasiwasi niliokuwa nao juu ya skrini.

Insha na ufahamu wa kina Kolibri haiwezi kuvisahihisha ipasavyo, na wala asitafute mtu huko.

Kuhusu mitambo, hapahitajiki makubwa. Kolibri hufanya kazi kwenye kompyuta ya Windows iliyotumika, au kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ambayo hula umeme kidogo sana na inaweza kuendeshwa kwa betri. Diski iwe na nafasi ya kutosha, kwani video za Khan Academy peke yake huchukua makumi ya gigabaiti, na ruta ya bei ya chini hulemewa darasa zima likifungua video kwa wakati mmoja, kwa hivyo sisi huonyesha video kwa projekta na kuacha vifaa vya wanafunzi kwa ajili ya mazoezi na majaribio. Huku kwetu mvua ya alasiri huja na radi, na maktaba yenye paa la mabati haiwezi kusikilizana inaponyesha; vipindi vyote vya Kolibri tumevipanga asubuhi, na plagi huchomolewa mawingu yanapoanza kukusanyika. Bodi ya shule ikiwa na fedha za kuongeza kifaa kimoja tu, ningeiomba inunue vipokea sauti vya masikioni kabla ya kishikwambi kingine.