Boda ya betri ama haidrojeni ya kijani (gesi inayotolewa kwenye maji kwa umeme safi), ipi inatufaa Uganda?

Kwa gharama betri inashinda mbali, umeme wetu mwingi unatoka kwa maji, bwawa la Karuma peke yake ni megawati 600, na jamaa wa boda anabadilisha betri chapchap anarudi kazini, shida ni ukitoka mjini vituo vinaadimika. Haidrojeni kilo 1 inakula uniti kama 50 za umeme kuitoa kwenye maji, bado hujaibana kwa tangi la presha kali, na ukiirudisha kuwa umeme zaidi ya nusu imeshapotea. Fundi wake pia ni adimu. Lakini betri haitengenezi mbolea, haidrojeni inatengeneza, na hiyo kwa wakulima ni kitu kikubwa sana! Una boda, chukua betri. Unapanga kiwanda cha mbolea, pigia haidrojeni hesabu.