Nilimpelekea akiki, akanivisha kioo: sonara mmoja wa Lamu

Kazi ya fedha ya fundi huyu ni nzuri. Nalisema mapema, maana huko mbele nitakuwa nimeshapandwa na hasira na huenda nisilitaje tena. Duka lake limo ndani ya mji wa kale, kwenye kichochoro kinachotokea Usita wa Mui. Jina silitaji, kwa kuwa mji wetu ni mdogo na tunasali safu moja. Pete zake hazina mshono unaoonekana, na kucha za kushikia jiwe huzilaza mpaka kidole hakizihisi. Ana pia zile pete za vigae vya sahani za kale za Kichina zilizozungushiwa fedha, kazi ambayo masonara wa Lamu wamejulikana nayo. Kwa fedha peke yake, nyota nne.

Sasa jiwe.

Wenzangu wa kukusanya mawe watanielewa, wengine naomba wanivumilie. Kisiwa cha Lamu hakina jiwe gumu la kwake. Tuna michanga ya Shela, na tuna yale mawe ya tumbawe yanayokatwa Manda kujengea nyumba, ambayo ukiyadondoshea ndimu yanatoa mapovu kwa sababu ni chokaa. Basi tunaopenda mawe hapa tunategemea wasafiri. Mimi nina garneti nyekundu kutoka upande wa Taita, nina maika, nina kwatzi nyeupe ya kila aina. Lakini kilichokuwa kipenzi changu ni kipande cha akiki alichoniokotea shemeji yangu, dereva wa lori, huko Turkana. Kilikuja kibichi, kina ganda la kahawia, hakitazamiki. Nilipokipasua kwa nyundo kikabanduka kibanzi kimoja, na ndani nikaona rangi ya machungwa iliyokolea, ukimulika tochi inawaka yote.

Nilikisugua mwenyewe, kwa mkono, kwa ule msasa mweusi wa maji, nikianza na namba 120 na kupanda hadi 2000. Akiki ni jamii ya kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, ambapo talki ni 1 na almasi ni 10, yenyewe inakaribia 7. Kuisugua bila mashine ni jioni nyingi za kukaa ukumbini na beseni la maji, vidole vimenyauka, tope jeupe limetapakaa, na ukiruka namba moja ya msasa mikwaruzo inakurudia mwishoni. Nilipomaliza, jiwe lilikuwa na umbo la yai, bapa chini, mgongo umenyanyuka kidogo. Upande mmoja lilikuwa na utepe mweupe mwembamba uliofuata ukingo, na chini ya utepe madoa matatu meusi, mawili yamekaribiana na la tatu limejitenga. Nikalipiga picha pande zote na kuandika uzito wake daftarini, kama ninavyofanya kwa kila jiwe langu.

Nikampelekea fundi anivishie pete, nyuma aiache wazi ili mwanga upite. Akakubali, tukaelewana bei, nikalipa nusu. Akaliweka jiwe langu kwenye kisosi juu ya meza pamoja na mawe ya watu wengine, bila karatasi wala jina.

"Ami, hayatachanganyika?"

"Mwanangu, kazi hii nimeirithi."

Zikafuata ahadi. Kesho inshallah, keshokutwa, baada ya Ijumaa. Hilo silihesabu, fundi ni fundi popote. Siku aliponipa pete nilijua kabla sijaitia kidoleni. Utepe haupo. Madoa hayapo. Rangi imelingana kutoka ukingo hadi ukingo.

Kulingana kwa rangi peke yake si hoja. Iko akiki iliyo safi hivyo, hasa iliyopashwa moto. Mafundi wa Khambhat, kule Gujarat, wameipika akiki kwa karne nyingi ili chuma iliyomo igeuke nyekundu, na bidhaa yao imeuzwa pwani hii tangu enzi za majahazi ya kale. Ningekuwa nimebadilishiwa akiki kwa akiki, ningegomba, lakini ningekuwa na jiwe. Nikatoa lenzi yangu ya mara kumi pale pale dukani. Ndani nikaona viputo, duara kamili, na mistari iliyozunguka ya kitu kilichowahi kuyeyushwa na kukorogwa. Akiki haiumbiki hivyo. Nikaligusisha mdomoni: kwatzi hukaa baridi kwenye mdomo, hili likapata joto mara moja.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, maana palikuwa na wateja wawili na sikutaka kumvunjia heshima. "Ami, hili si jiwe langu. Tena hili ni kioo."

Hakuinua uso. "Jiwe ni jiwe, kijana. Pete si yang'aa? Wataka nini tena?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Hakuitazama. Nikamwomba kitu kimoja tu, nitazame kile kisosi, pengine langu bado limo. Akakivuta kisosi, akayamimina mawe yote kwenye mtoto wa meza, akausukuma kwa goti ukafunga. Kisha akawageukia wale wateja: "Huyu hayui kitu, hawa siku hizi wasoma mawe kwenye simu." Wakacheka.

Lile goti bado naliona. Kuna mtu alikaa jioni baada ya jioni akisugua jiwe, na mwingine analifungia kwa goti kana kwamba anafunga mlango wa banda la kuku.

Na hayo ya kusoma mawe kwenye simu, hapana. Nimejifunza kwa kukwaruza, kwa kupima, kwa kuomba ushauri wa wachimbaji. Watu wameniletea pairiti wakiamini ni dhahabu. Naisugua nyuma ya kigae cha bafuni, pale pasipo na rangi, inaacha mstari mweusi, wakati dhahabu huacha mstari wa manjano. Nawaeleza polepole, maana mtu ameshapiga hesabu ya nyumba. Sijamcheka hata mmoja. Ndiyo maana kile kicheko cha dukani kimenikaa.

Nyumbani nikafanya jaribio lisilodhuru jiwe, na nalieleza ili mwingine alitumie. Fungua skrini nyeupe ya simu, ilaze, weka pete juu yake, kisha tazama kupitia miwani ya jua ya polaroidi, ile wanayovaa manahodha kupunguza mng'ao wa maji. Izungushe miwani mpaka skrini igeuke nyeusi. Akiki imejengwa na chembe nyingi mno za kwatzi zilizolala kila upande, kwa hiyo inapitisha mwanga katikati ya lile giza hata uizungushe vipi. Kioo hubaki cheusi, labda kivuli kidogo cha hapa na pale. Nikaweka pete na kile kibanzi changu cha Turkana bega kwa bega. Kibanzi kikawaka. Jiwe la pete likabaki jeusi. Nikachukua kibanzi hicho hicho nikakipitisha ukingoni mwa jiwe la pete, kikaacha mkwaruzo unaoonekana bila lenzi. Kioo cha kawaida ni kama 5 na nusu kwa Mohs, hakiwezi kushindana na akiki. Uzito, kwa anayeuliza, haukunisaidia kitu: kioo na akiki hukaribiana, na mtu anayekwambia ataitambua akiki kwa kuipima kiganjani usimwachie mali yako.

Nimejaribu kumtafutia udhuru. Huenda alilichomea fedha jiwe likiwa karibu na moto, na jiwe likipata joto la ghafla hupasuka. Huenda kijana anayemsaidia alichota jiwe lisilo lenyewe kutoka kile kisosi, mteja mwingine anatembea na akiki yangu bila habari. Sisemi ameiba. Sikuona, na sitamzulia Mwislamu mwenzangu. Angeniambia "limevunjika, niwie radhi," ningeondoka na kioo changu, na hapa mngesoma sifa tupu, kwa sababu fedha yake, narudia, ni nzuri.

Lakini kadiri ninavyoandika naona siwezi kuzitenganisha. Mtu aliyeweza kunitazama na kusema jiwe ni jiwe, nitajuaje kwamba kwake fedha si fedha tu, ya kuchanganywa na chochote? Lamu bibi zetu walivaa akiki na kuzirithisha, wazee wetu bado wanaisaka ile ya Yemeni kwa bei yoyote, na sonara ndiye aliyekuwa akiaminiwa kuitambua. Mtu akiingia kwake na pete ya marehemu mama yake ili ikazwe tu, itatoka na nini? Zile nyota nne naziondoa. Nampa moja, kwa kuwa mahali pa kuweka sifuri hapapo.

Mtu akiniuliza kama aende kwake kwa mkufu wa fedha usio na jiwe, wiki iliyopita ningesema nenda. Leo nasema tafuta mwingine, masonara wa haki hawajaisha Lamu. Ukilazimika kwenda na jiwe, lipige picha ukilimulika kwa nyuma, ili yale ya ndani yaonekane, na mfanye atie alama mbele yako kwenye bahasha yenye jina lako. Akikataa kufunguliwa lenzi dukani mwake, toka. Sonara anayejua kazi yake hukukaribisha kutazama, tena hukupa kiti na kukusogezea taa. Nimewahi kukaribishwa hivyo Malindi na mzee nisiyemjua, bila kununua kitu.

Nusu ya pesa iliyobaki sijamlipa, na amenitumia salamu mara mbili kwamba namdhulumu. Pete nimemwambia nitaileta, aifungue mbele yangu, atoe kioo chake, na mtoto wa meza uwe wazi. Mpaka sasa hajajibu. Na kama uko Lamu au Shela, na umetoka kutengenezewa pete ya fedha yenye akiki ya rangi ya machungwa, itazame upande wa ukingo. Ukiona utepe mweupe umefuata mzingo, na chini yake madoa matatu, mawili pamoja na moja mbali, tafadhali niandikie. Sitakuuliza ulilipia kiasi gani. Nitakupa akiki nyingine safi, na gharama ya kuvishia upya nitaitoa mimi.