Sanduku la UNICEF la watoto wadogo: vitu ni vizuri, kufuli ndilo tatizo

Sanduku hili hupelekwa kambini baada ya mafuriko, tetemeko au maporomoko, kwa ajili ya watoto wasiozidi miaka 6. Limehesabiwa kutosha watoto 50, lakini si 50 kwa mpigo. Ukiwaachia wote pamoja, baada ya dakika kumi wenye nguvu wameshika kila kitu, na wale wenye hofu zaidi, ambao ndio sanduku lililetwa kwa ajili yao, wamejibanza pembeni. Wagawe makundi ya watoto 15, kila kundi na watu wazima wawili, saa moja na nusu, wakati ule ule kila siku.

Ndani mna matofali ya kuchezea, midoli ya kuvaa mkononi, picha za kuunganisha vipande, domino, vitabu vya picha, mipira ya sponji, kalamu za rangi, karatasi, udongo wa kuchezea, pia sabuni na vyombo vya maji. Tukiambiwa tubakize viwili tu, tutabakiza matofali na midoli. Mtoto aliyenusurika mafuriko hujenga nyumba, huibomoa, husema "maji yamekuja", kisha huijenga upya. Mhudumu mgeni hukimbilia kumkataza. Amwache, maana mtoto wa miaka minne husimulia kwa mikono. Cha kuangalia ni mwisho wa mchezo. Siku zikienda, kwa kawaida hutokea mtu wa kuokoa, au nyumba huhamishwa. Mwisho usipobadilika, na mtoto akawa anatoka mchezoni amekakamaa kuliko alivyoingia, ingiza mdoli uulize: "Nani anaweza kusaidia hapa?" Ila usimbane aeleze alichokiona, kumlazimisha huweza kumzidishia hofu.

Mdoli huo huo unafundisha kupumua. Mtoto alale chali, mdoli tumboni. Avute pumzi kwa hesabu ya tatu, mdoli uinuke. Aitoe kwa hesabu ya nne, ushuke. Mara tano zinatosha. Wafundishe kukiwa shwari, ili mvua itakapogonga turubai wawe wameshazoea.

Udongo wa kuchezea unataka uangalifu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, hadi mji wa Katesh na kufukia nyumba. Kwa mtoto wa mahali kama pale, kitu laini kinachonata vidoleni huenda kisiwe mchezo hata kidogo. Uweke mezani, aufuate mwenyewe akitaka, na maji ya kunawa yawe karibu.

Karatasi na kalamu za rangi huisha mapema, hivyo tengeni fungu la kuzinunua tena. Kubwa zaidi ni kufuli. Mhudumu aliyesaini orodha ya vitu huogopa kudaiwa, basi hufungia sanduku na kulifungua wageni wakija. Andikeni mapema, kwenye orodha yenyewe, kwamba vitu vitachakaa na vingine vitapotea.

Kwa mzazi sanduku halina kitu, na hofu ya mama humfikia mtoto kabla ya mdoli wowote. Kaeni na wazazi robo saa wanapokuja kuchukua watoto. Wazime video za janga kwenye simu. Wajibu maswali kwa ukweli mfupi, wasiahidi kwamba haitatokea tena. Mtoto aliyerudia kukojoa kitandani asichapwe, huo si utundu. Ikipita mwezi bado halali usingizi, hali chakula vizuri au hasemi, apelekwe kituo cha afya. Kwa ushauri, simu 116 ni ya bure Tanzania na Kenya.

Sanduku likichelewa, msikae bure: soksi kuukuu ni midoli, mabaki ya mbao yaliyopigwa msasa ni matofali, na mpira wa chandimu hausubiri meli. Vizibo vya chupa wapeni watoto wakubwa tu, kwani walio chini ya miaka mitatu huvitia mdomoni na vinaweza kuwakaba.