CNC yangu ya nyumbani: mashine sawa, lakini hawa wa huduma kwa wateja, aah!

Wakuu nisameheni nikipayuka kidogo, hii nimeiandika nikaifuta, nikaandika tena, kila nikifika kwenye yale majibu ya huduma kwa wateja damu inachemka upya. Sitawaambia mashine yangu (CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ina ukubwa gani wala mota ina nguvu kiasi gani, hayo yamejaa kila mahali mtasoma wenyewe. Mimi naongelea kitu kimoja tu, kuchimba poketi, yaani yale mashimo yenye sakafu bapa ambayo hayatoboi ubao mpaka upande wa pili, unachimba ili kitu kikae ndani kitulie, kisicheze na kisihitaji nyundo.

Maana kuchonga maandishi mashine yoyote inachonga. Herufi ikipungua robo ya milimita nani atajua? Kwenye poketi huna pa kujificha, kitu ama kinaingia ama hakiingii.

Sasa kazi yangu ilikuwa visanduku vya mbao vyenye mfuniko wa sumaku. Sumaku za duara, kipenyo milimita 20, unene 3. Kwenye programu nikachora duara la 20.2 ili kuwe na kanafasi, nikaweka biti, yaani kile kisu kinachozunguka kukata, ya milimita 3.175 (ile ya robo ya nusu inchi, ndiyo inayokuja na mashine nyingi hizi), nikabonyeza nikakaa kuangalia. Mlio safi, unga wa mbao unaruka vizuri, nikasema leo nimeula. Ikamaliza, nikaweka sumaku, haiingii. Nikaizungusha, haiingii. Nikachukua venia, kile kipimo cha taya, nikapima shimo: upande wa Y (mbele na nyuma) 20.2 kamili, upande wa X (kushoto na kulia) 19.9. Shimo si duara, ni yai. Na ukiliangalia karibu kwa tochi unaona kushoto na kulia ukuta umenyooka kidogo, kama kuna mtu kapitisha patasi hapo, mbele na nyuma mviringo mtamu kabisa.

Nikawaandikia, kwa heshima zote, na picha na vipimo. Wakakaa kimya muda wa kutosha mtu kusahau aliuliza nini, halafu jibu: "Ndugu mteja, rekebisha hatua za X kwenye mipangilio." Basi. Hawajauliza hata swali moja.

Hapa ndipo nilipoanza kukasirika, kwa sababu hilo jibu linaonyesha hawakusoma. Hizo hatua, yaani mota ipige hatua ngapi kwa kila milimita (kwenye GRBL, programu inayoendesha mota za mashine, ni ile namba ya $100), zinarekebisha kosa linalokua na urefu. Mota ikitembea pungufu kwenye kipande kifupi, kwenye kirefu itapungua zaidi, kwa uwiano uleule. Kwa hiyo nikachimba duara lingine kubwa, la milimita 100, ubao uleule na biti ileile. Kama tatizo ni hatua, hili lingepungua zaidi ya milimita moja na nusu. Likapungua ngapi? 0.3. Palepale kama kale kadogo! Kosa ambalo halijali shimo ni kubwa au dogo haliwezi kuwa la hatua, hilo ni kosa la kugeuka: kichwa kinachobeba biti kikienda kulia kikitaka kurudi kushoto, mota inazunguka kidogo bila kichwa kusogea, ndiyo maana ukuta unanyooka pale pale X inapogeukia. Ukienda kubadilisha $100 ili duara dogo likae sawa, umeharibu kila kipimo kirefu kwenye mashine yako. Yaani ushauri wao ungenifanya niwe na makosa mawili badala ya moja, na GRBL ya kawaida wala haina pa kufidia huo mchezo, lazima uukomeshe kwenye chuma.

Nikawaeleza hayo yote taratibu, na picha ya duara la pili. Jibu likaja, na hili nalikumbuka neno kwa neno: "Ndugu mteja, hii ni mashine ya kujifurahisha nyumbani, usahihi unategemea ujuzi wa mtumiaji."

Ujuzi wa mtumiaji! Mimi nimewapelekea vipimo, nimewapelekea jaribio, wao wananipelekea matusi ya kistaarabu. Na hao hao kwenye tangazo lao wameandika usahihi kwa herufi kubwa, na picha ya poketi imeingia kitu hata karatasi haipiti. Hiyo picha ilipigwa na nani, malaika?

Basi nikazima umeme nikaishika kichwa kwa mkono. Nikakisukuma kulia, kushoto, polepole. Tik. Tik. Kinacheza kama jino la mtoto. Nikafanya hivyo hivyo upande wa Y, kimya, imekaza. Nikafungua kifuniko cha nyuma cha X nikamulika ile nati ya shaba inayotembea kwenye skrubu ndefu. Hizi nati ni vipande viwili, katikati kunakaa springi inayovisukuma vitengane ili meno yashike skrubu pande zote mbili, kichwa kikigeuka kusiwe na uwazi wa kutembea bure. Y ina springi. X haina. Si kwamba imelegea au imekatika, haipo! Vile vipande viwili vimekaa tu vinaangaliana. Kuna mtu kiwandani alipitisha hii kitu mkononi akafunga kifuniko akaendelea na maisha yake.

Picha nikatuma. Mnajua walisema nini? "Springi si ya lazima."

Sikuwajibu tena. Nikatafuta springi mwenyewe, na msidanganywe na wale wanaosema chukua ya kalamu, skrubu ni ya milimita 8, ya kalamu haipiti hata kwa maombi. Unahitaji pana na yenye nguvu kiasi. Kuiweka ni lazima utoe skrubu yote, unabana vile vipande kwa vidole huku unazungusha, springi yangu iliruka ikaenda chini ya kabati nikaitafuta kwa kutambaa, lakini ikaingia.

Halafu jamani. Nikachimba duara la 20.2. Venia ikasoma 20.2 huku na 20.2 kule. Nikaweka sumaku juu ya shimo, haikudondoka, ilikaa pale juu kidogo inashuka taratibu kwa sababu hewa chini yake haina pa kutokea, nikaigusa kwa dole gumba, ssss, ikazama ikalingana na uso wa ubao. Kuitoa nilishindwa, ukucha hauna pa kushika, ikabidi niivute kwa sumaku nyingine. Nilicheka peke yangu kama chizi. Nikachimba nyingine, na nyingine, zote vilevile. Kwa hiyo nikiwa mkweli mashine yenyewe ni nzuri, tena nzuri sana kwa kitu cha kuweka mezani nyumbani, na nilikuwa nimeshaandaa maneno makali ya kusema isinunuliwe.

Ila usiibebeshe mzigo. Springi inashinda mpaka pale biti inapoulemea ubao, ukikata kwa nguvu inasukumwa na mchezo unarudi. Mimi naacha 0.2 ya ukuta mzunguko mzima, halafu naipitisha biti mara ya mwisho taratibu ikwangue hiyo tu. Ukuta unatoka umenyooka hata msasa hauhitaji. Na kwenye poketi za pembe nne msilalamike kona ni mviringo, biti ni duara itachongaje kona kali, hiyo malizia na patasi.

Kwa hiyo nunueni? Kama una mkono wa kufungua vitu, ndiyo. Kama wewe ni wa kutegemea msaada wao, hapana, kabisa, kaa mbali. Au tuseme hivi, kabla hujawasha siku ya kwanza fungua vifuniko vyote uhesabu springi. Mashine ningeipa nyota nne, lakini nikikumbuka lile neno ujuzi wa mtumiaji naziona zinashuka zenyewe, mbili, na hizo mbili ni za Y. Wamenitumia ujumbe eti nitathmini huduma yao. Natathmini mkinitumia springi yangu.