Darubini ya jicho moja, 20–60×65 (ukuzaji wa mara 20 hadi 60, lenzi ya mbele milimita 65): nyota nne

Naitumia kwa kazi moja tu: kutazama ndege wadogo wa ufukweni, hasa yule kitwitwi mweupe-kijivu anayekimbizana na mawimbi, Calidris alba. Nyota ya tano imechukuliwa na stendi iliyokuja nayo kwenye boksi. Nyepesi mno. Upepo ukivuma kidogo tu picha yote inacheza, na ufukwe usio na upepo mimi siujui.

Kioo chenyewe sina neno nacho. Weka ukuzaji wa mara 30 hivi, jua likiwa mgongoni, utaona mdomo mweusi ulionyooka, miguu myeusi, tumbo jeupe pe na baka jeusi pale bawa linapokunjika begani. Sasa subiri asimame, umtazame mguu: kidole cha nyuma hakuna. Kitwitwi mwingine, Calidris minuta, mdogo zaidi yake na mwenye miguu myeusi vilevile, anacho. Kwa darubini ya macho mawili alama hiyo sijaipata kwa uhakika hata siku moja, na kwangu ndiyo sababu ya kununua hii. Manyoya yakigeuka rangi ya kutu kichwani na kifuani, kabla hajaenda kuzaliana Aktiki, weupe wake haukusaidii tena. Kidole kinasaidia mwaka mzima.

Ila asimame lini! Wimbi likirudi analifuata akidonoa, likija anatimua mbio, na eneo unaloliona ndani ya kioo ni finyu. Ukishamlenga ameshatoka. Kwa hiyo mtafute kwanza kwa darubini ya macho mawili, 8×42 yatosha. Kama huna, anza na hiyo. Mara 60 isikutie tamaa. Jua likipanda, hewa juu ya mchanga hutetema na ndege anakuwa ukungu wenye miguu.

Siku za bamvua, maji yakipwa kabisa, ndege huwa mbali mno kwa kioo chochote. Fika maji yanapoanza kujaa, ukae chini, uyaache yawasogeze kwako. Hapo jicho la darubini, pale unapochungulia, kwa kuwa limeinama digrii 45, lina raha yake, maana stendi unaifupisha na mtikisiko unapungua. Gurudumu la kulenga lifutwe kila ukitoka ufukweni. Mchanga ukiingia, linakwaruza.