etcd kwa ofisi zenye matawi Arusha na Moshi: imara, ila haitaki diski ya kubahatisha

Kwa SACCOS au duka la jumla lenye matawi Arusha na Moshi, etcd, programu inayotunza data ileile kwenye seva kadhaa, ni hifadhi nzuri sana ya mipangilio na kufuli za mfumo (zinazozuia programu mbili kugusa kitu kimoja kwa pamoja). Ni ya bure, na haithibitishi badiliko lolote mpaka zaidi ya nusu ya seva ziwe zimeliandika diskini.

Wengi hukosea hapo kwa kufunga seva mbili. Mbili ni mbaya kuliko moja, maana ikizimika yoyote, kazi inasimama. Funga tatu: Arusha, Moshi na Dar es Salaam. Ukiweka mbili Arusha, umeme wa huko ukikatika Moshi nayo inakwama.

Diski ndiyo roho yake. Nunua SSD (diski isiyozunguka), maana diski ya kuzunguka ikichelewa kuandika, mapigo ya kiongozi (ishara za seva inayoongoza kwa wenzake kwamba iko hai) nayo huchelewa na uchaguzi wa kiongozi unaanza upya kila mara. Mapigo huja yamepangwa kila milisekunde 100, na subira kabla ya uchaguzi milisekunde 1000. Laini ikiyumba, ongeza vyote viwili, na thamani zifanane kwenye kila seva.

TLS, usimbaji unaoficha data njiani, haijiwashi yenyewe. Weka vyeti pande zote, mlango 2379 wa wateja na 2380 wa seva kwa seva, la sivyo data inapita wazi.

Kinachoudhi ni kikomo cha hifadhi kinachokuja kimepangwa GB 2. Kikijaa, inagoma kuandika mpaka ufute historia ya mabadiliko ya zamani, uendeshe `defrag` (amri ya kurudisha nafasi diskini), kisha uzime tahadhari ya kujaa kwa `etcdctl alarm disarm`. Washa `--auto-compaction-retention=1` tangu mwanzo, ili historia ya zaidi ya saa moja ifutwe yenyewe.